Naomba ushauri: filamu ya mtu aliyefungwa bila hatia, nibadilishe kiasi gani?

Wakuu, habari za leo. Naandika skripti ya filamu fupi kuhusu mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekaa gerezani miaka mingi kabla ya kushinda rufaa. Mwenyewe ameridhia. Sasa mwongozaji anataka niongeze tukio: mama yake anakuja kumtembelea na kufia mikononi mwake. Halikutokea. Mama alifia kijijini, na mwanawe akapata habari baada ya maziko.

Nimeirudia In the Name of the Father, filamu ya mwaka 1993 kuhusu watu wa kweli waliofungwa Uingereza bila hatia kwa kesi za mabomu. Humo Gerry Conlon na baba yake Giuseppe wanashtakiwa pamoja na kukaa selo moja. Ukweli ni kwamba Gerry na wenzake walihukumiwa 1975, baba akahukumiwa 1976 katika kesi nyingine, na selo moja hawakuwahi kukaa. Giuseppe alifariki 1980 akiwa bado mfungwa. Gerry alitoka 1989. Nililia hata hivyo, maana mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Lakini kilichomfunga Gerry na wenzake ni maelezo ya uongo yaliyopokelewa mahakamani kama ushahidi. Nami nimwongezee mzee wangu uongo mwingine, hata kama ni mtamu? Hapo moyo unasita.

Mliowahi kuandika habari za watu walio hai, mpaka mnauweka wapi? Maandishi ya mwanzoni kwamba baadhi ya matukio yamebuniwa yanatosha? Na mzee nimsomee skripti yote kabla hatujaanza kurekodi, au nitamtonesha kidonda?