Tupeane uzoefu: mliojifungua mkaelemewa moyoni, nani aliwasaidia na wapi? (Kigoma)

Habari zenu ndugu. Huku Ujiji mwanamke akijifungua hakosi watu. Mama anakuja kumkanda maji ya moto, mashangazi wanapika uji wa pilipili manga, arobaini inahesabiwa. Nayapenda haya, nimekua nayo. Lakini kila anayeingia anauliza mtoto ananyonya, kitovu kimedondoka, analala vizuri? Mzazi mwenyewe anaulizwa kidonda tu.

Mimi nilikuwa nalia usiku mtoto akiwa amelala fofofo. Namtazama, najiona kama mlezi wa mtoto wa watu. Majirani walisema nimetupiwa jini. Mama yangu ndiye aliyesema, "Twende zahanati, ukaseme hivyo hivyo unavyoniambia mimi." Nesi alifunga mlango, akaniacha niongee mpaka nikamaliza, kisha akaniandikia rufaa. Nikawa nakutana na mshauri kila wiki. Hakunihutubia. Aliuliza ni saa zipi za siku ndizo ngumu kwangu, nikamwambia jioni, mume akishatoka kwenda kazini. Tukaanza na hapo: bibi wa jirani akawa anakuja magharibi kumshika mtoto, mimi nalala. Usingizi ulinirudishia akili kabla ya kitu kingine chochote.

Naomba mliopitia haya mseme: ulianza kumwambia nani, na kipi kilikusaidia kweli? Aliyekuja kukejeli, naomba apite.

Mama Pacha, Kasulu:
Asante kwa kulianzisha, dada. Mimi sikulia hata kidogo, ndiyo maana hakuna aliyenishtukia. Yangu ilikuwa hofu. Pacha wakilala, mimi nakaa macho kusikiliza kama wanapumua. Mikono inatetemeka, chakula hakipiti. Nilimficha mume, nikamficha na mama mkwe, maana angesema watoto wa siku hizi hatuwezi kulea. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kutusalimia, akaniuliza, "Na wewe unalala saa ngapi?" Nikashindwa kujibu. Ndiye aliyenisindikiza kituo cha afya, akanisubiri nje. Tuliendelea kusali, na kliniki nikaendelea kwenda. Sikuona ugomvi kati ya hayo mawili.

Mvuvi wa Kibirizi:
Naongea kama baba. Sisi wa dagaa tunalala ziwani giza likiwepo, nyumbani tunatulia mbalamwezi ikitoka. Mke wangu alijifungua kifungua mimba wetu kipindi cha giza. Nilikuwa narudi asubuhi nimechoka, nakuta nyumba imenyamaza, nami nikawa sitaki kurudi. Nakaa mwaloni, nanunulia watu chai ili siku ipite. Nilidhani ni uchovu wa kazi, kumbe na mimi nilikuwa naumwa. Nilimwambia kaka yangu mkubwa, tena kwa tabu. Akaniambia na yeye yalimkuta kwa mtoto wake wa pili. Miaka yote ile hakuwahi kulitamka! Baadaye niliingia na mke wangu chumba cha ushauri, tukaongea wote wawili. Wanaume wenzangu, ingieni. Baba mmoja kati ya 10 hivi hupatwa na sonona, ule ugonjwa wa kuelemewa na huzuni, mtoto anapozaliwa, ndivyo tulivyoelezwa pale.

Mkunga mstaafu:
Wanangu, naomba niweke mambo sawa. Machozi na kubadilika hisia kuanzia siku ya tatu hivi huwapata wengi, na huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, au ukipoteza hamu ya kila kitu, njoo. Sonona ya uzazi inaweza kuanza ukiwa bado mjamzito, na inaweza kuanza mtoto akiwa na miezi kadhaa.

Lipo dodoso la Edinburgh la kuangalia dalili za sonona hiyo, la mwaka 1987, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. La mwisho linauliza kama umefikiria kujidhuru. Lijibu kwa ukweli. Hakuna atakayekunyang'anya mtoto kwa sababu umesema unaumia.

Kuna hali nyingine, mtaani wanaiita kichaa cha uzazi. Mzazi halali kabisa, anasikia sauti, anaongea yasiyoshikana, pengine anaamini mtoto ana kitu kibaya. Huwapata mama 1 au 2 kati ya 1,000, hasa wiki 2 za mwanzo. Hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu ni Maweni.

Na jamani, mahudhurio ya baada ya kujifungua, saa 48 za mwanzo, siku ya 7, ya 28 na ya 42, ni ya mama pia. Ukifika usisubiri kuulizwa. Sema, "Mtoto mzima, mimi siyo mzima."

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii:
Shikamoo mama mkunga. Naongezea hili kwa wanaodhani bila daktari bingwa hakuna msaada. Huko vijijini Pakistan, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa namna ya kuongea na wajawazito wenye sonona, wakawatembelea majumbani tangu kabla ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto akiwa na miezi 6, waliobaki na sonona ni asilimia 23, na kwa wale waliotembelewa kawaida tu ni asilimia 53. Wahudumu wa ngazi ya jamii tunao hata Buhigwe na Uvinza. Wafundishwe hili.

Mama Pacha, Kasulu:
Mama mkunga, mdogo wangu ameandikiwa dawa, anaogopa kunyonyesha. Aache kipi?

Mkunga mstaafu:
Asiache chochote kwa kujiamulia, mwanangu. Arudi kwa aliyemwandikia, amwambie ananyonyesha na mtoto ana umri gani. Zipo dawa zinazotumiwa na wanaonyonyesha, sertraline ni mojawapo, na daktari anaweza kumbadilishia. Mpe nauli, uende naye.