Mrejesho: ndege ya rimoti iliyokuwa haipandi wima

Wadau, niliuliza kwa nini ndege yangu ya sarakasi, betri ya seli 3, inaishiwa nguvu ikipanda wima. Aliyesema ni hewa nyepesi ya Nairobi, maana tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, alipatia kabisa. Nilitoa propela ya inchi 10 nikafunga ya 11. Ndege ikitua mota ina joto, lakini inashikika. Sasa inapanda mpaka shingo inaniuma! Kusogeza betri mbele pia kumesaidia, mkia hauzami tena. Ila ikiruka kiubavu, yaani bawa moja juu na jingine chini, bado inavutwa upande wa magurudumu. Ushauri wa kuchanganya usukani na kibawa cha mkia, yaani usukani ukigeuka kibawa nacho kisogee chenyewe kurekebisha, umegoma, rimoti yangu ya bei rahisi haina mpangilio huo. Asanteni sana.