Msaada: sherehe ya nguo za utotoni, bagi la mtumba au nishone bugaluu?

Chalii wa Soweto
Wakuu, habari zenu. Tuliosoma pamoja shule ya msingi tunakutana Arusha, na kamati imepitisha kila mtu avae mtindo wa utotoni ambao leo akiuona kwenye picha anaona aibu. Nimebaki na njia mbili: jinzi bagi la mtumba na fulana kubwa, au fundi anishonee bugaluu, ile suruali iliyopanuka chini, na shati la kola ndefu. Kuna raizoni, vile viatu vya soli nene, nimeonyeshwa mahali hapa Moshi. Nataka kulipia wiki hii. Nichukue lipi?

Mama Ngarenaro
Swali lina mapengo mengi, mwanangu. Wa kiume au wa kike? Mlimaliza la saba mwaka gani? Sherehe ya mchana au usiku? Una shilingi ngapi? Aliyemaliza 1978 na aliyemaliza 1998 hawaoni aibu nguo moja.

Kijenge Juu
Bagi, hakuna mjadala. Suruali ya kaka, mkanda umeongezwa matundu kwa msumari, pindo linafagia vumbi. Kris Kross walipotoka mwaka 1992 wamevaa nguo mbele nyuma, mtaani kwetu tulitembea zipu ikiwa nyuma, na ukibanwa na haja ni kimbembe. Wahi soko la Kilombero asubuhi belo za mitumba zikifunguliwa, tafuta jinzi nzito ya pamba tupu. Hizi za siku hizi zina mpira ndani, zinashika paja hata ukichukua saizi kubwa.

Mzee wa Majengo
1992 mliwaona wapi? Televisheni Bara imeanza 1994.

Kijenge Juu
Shikamoo mzee. Vibanda vya video vilikuwepo. Kanda ilikuwa inazunguka mtaa mzima mpaka picha inachuja.

Mzee wa Majengo
Marahaba. Hapo sawa. Ila bugaluu msiitaje kama kichekesho. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita, Dar es Salaam hasa. Watu walisumbuliwa barabarani kwa sababu ya nguo. Sisi tuliokuja kuvaa bugaluu miaka ya sabini tulijua nguo inaweza kukuletea matatizo, na bado tukavaa. Mimi siioni aibu.

Chalii wa Soweto
Shikamoo mzee. Mimi wa kiume, tulimaliza 1997. Bajeti elfu sitini, viatu humo humo. Ni Julai, jioni, nje, Njiro.

Cherehani Unga Limited
Wa 1997 bugaluu mmeiona kwenye albamu za wazazi. Lakini ukiitaka, usimpe fundi jinzi nyepesi. Nunua kitambaa kizito cha tetroni kianguke vizuri. Mwambie abane mpaka gotini ndipo aanze kupanua. Wengi wanapanua kuanzia pajani, inatoka suruali pana ya kawaida. Na umpe wiki mbili, siyo siku mbili.

Dada wa Kiboriloni
Kabla hujalipia hizo raizoni nisikilize. Nilinunua za zamani kwa muuzaji mmoja wa mtumba kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu. Zinang'aa, soli nene, nikalipa bila kupunguziwa. Ukumbini tumepanga foleni kwenda kutoa zawadi, muziki umekolea, nasikia mguu mmoja umeshuka. Soli imevunjika vipande, na kila hatua naacha chembe nyeusi kwenye zulia jeupe la maharusi. Nikavua, nikaenda peku mbele ya wakwe, mama yangu ameinama hataki kuniangalia. Kesho yake fundi viatu akanieleza: soli za povu zikikaa miaka mingi unyevu unazila ndani kwa ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa, na gundi haisaidii kitu. Muuzaji alizipaka rangi juu ya nyufa. Nilipomrudia akasema mtumba haurudishwi. Mpaka leo naumia. Bonyeza soli kwa kidole gumba na ukunje kiatu. Kikimeguka hata kidogo, ondoka.

Mama Ngarenaro
Pole sana mdogo wangu. Chalii, kwa 1997 bagi ni la umri wako, ila siyo aibu tena. Mwanangu wa kidato cha tatu analivaa leo na ananiomba la pili. Aibu ya kweli ni nguo za Krismasi: mama ananunua jora moja, baba shati, watoto wote shati na gauni la kitambaa hicho hicho, tena limezidi saizi ili livaliwe na mwakani.

Kijenge Juu
Hiyo siyo aibu mama, huo ni upendo.

Mama Ngarenaro
Upendo ulikuwepo, na aibu ilikuwepo. Kanisani watu walituhesabu.

Mzee wa Majengo
Kupata jora zima kulihitaji kujulikana na mwenye duka. Msiwalaumu wazazi.

Chalii wa Soweto
Hili la Krismasi limenigusa, kwetu Kibosho ilikuwa hivyo kila mwaka. Lakini nikivaa peke yangu nani ataelewa? Kaka zangu hawaji. Na Njiro Julai kuna baridi, shati tupu sitaliweza.

Cherehani Unga Limited
Vaa sweta ndani, si umesema limezidi saizi?

Dada wa Kiboriloni
Wakuu, nje ya mada: soko la Memorial, Moshi, belo za sweta za watoto wanafungua siku gani?