Radio ya kaseti ya mtumba au sabufa ya flashi?

Korosho_Daraja1: Wakuu, habari za jioni. Nina boksi la kaseti za Bongo Fleva za kaka yangu, zilikuwa kwa bimkubwa. Nataka kuzisikia tena. Hapa Mtwara mjini nimeona radio ya kaseti ya mtumba, pembeni yake sabufa mpya ya flashi. Nichukue ipi? Naamua kabla ya Jumamosi.

FundiLigula: Bei? Kaseti ngapi? Za dukani au mlirekodi wenyewe? Radio umeijaribu au umeona inawaka taa tu? Sisi si waganga, mkuu.

MzeeWaUpandeB: Radio. Kaseti unakaa nayo mpaka upande uishe, unageuza. Sabufa vijana wanaruka wimbo kila sekunde 20 kama wana upele.

BintiMikindani: Mzee mbona husemi habari ya kurudisha mkanda kwa kalamu, betri zisiishe? Mimi nilichoka. Sabufa.

FundiLigula: Kwa hewa yetu hii ya chumvi, mtumba wowote ufunguliwe kwanza. Raba za ndani zikilegea sauti inaburuza, Juma Nature anachana kama kapigwa sindano ya usingizi. Hedi, ile inayosoma mkanda, isuguliwe kwa pamba na spiriti. Kaseti yenye ukungu mweupe usiiingize.

MtotoWaChikongola: Ngojeni kwanza. Mwaka juzi nilimpa jamaa mmoja mwenye kompyuta kaseti sita anihamishie kwenye flashi, simtaji. Sasa kaseti ya dakika 60 inahamishwa kwa dakika 60, unachomeka waya kwenye tundu la hedfoni unaiacha icheze. Sita ni siku nzima. Yeye kaniita baada ya saa moja na nusu. Nikalipa, nikashukuru kabisa, mjinga mimi. Nafika nyumbani nachomeka: nyimbo safi, zinang'aa. Kazipakua mtandaoni! Kasoma majina kwenye karatasi ya kasha, basi. Zangu zilirekodiwa redioni, 2001. Marehemu binamu yangu ndiye alikuwa anabonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, na mtangazaji akiingilia wimbo anasonya. Ile sonyo imo kwenye mkanda. Na jogoo wa bibi. Nikarudi kudai kaseti, naambiwa mdogo wake kazitupa, zilikuwa zinajaza meza.

BintiMikindani: Pole sana ndugu yangu. Ila jogoo jamani 😂

LindiKwetu: Nyie wa mjini mlirekodi redioni, sisi tulisubiri basi. Kabla ya Daraja la Mkapa, 2003, gari linapanga foleni ya pantoni ya Mto Rufiji pale Ndundu, mvua ikishika mnalala njiani. Kaseti inafika Lindi wimbo umeshachuja Dar.

MzeeWaUpandeB: Ndiyo maana tulikariri kila mstari. Rap ya Kiswahili ni Saleh Jabir, 1991. Wengine wote walifuata.

LindiKwetu: Aliyeweka maneno ya Kiswahili kwenye biti ya Mmarekani Vanilla Ice? Hip hop ni kundi la Kwanza Unit, mzee.

MzeeWaUpandeB: Hao waliokuwa wanachana Kiingereza? Bibi yako alielewa? Sugu mistari ilimpeleka bungeni 2010, Profesa Jay 2015. Hawa wa sasa itawapeleka wapi?

BintiMikindani: Harmonize wetu wa Mtwara kakukosea nini?

MzeeWaUpandeB: Hajawahi kutoka kwenye kaseti.

Korosho_Daraja1: Samahanini, nilikuwa shamba. Radio 70,000, sabufa 110,000. Kaseti 31, nyingi kaka alirekodi mwenyewe. Yeye yuko Msumbiji, simu yake inapatikana kwa bahati. Moja imeandikwa USIFUTE kwa wino mwekundu, jina la msanii hakuna.

FundiLigula: Kaseti 31 halafu ulituambia "boksi". Radio uliijaribu?

Korosho_Daraja1: Muuzaji hakuwa na kaseti.

FundiLigula: Nenda na yako. Ila siyo hiyo ya wino mwekundu, radio ikila mkanda utalia.

MtotoWaChikongola: Na usimwachie mtu. Hata shemeji yetu.

LindiKwetu: Mzee, Kwanza Unit bado nakungoja.

Korosho_Daraja1: Niko dukani na kaseti nne. Umeme umekatika.

BintiMikindani: Muulize kama ina sehemu ya betri.