Kutoka kuongoza watalii hadi kufundisha Kiingereza Asia: njia halali ni ipi?

Kijenge_Juu

Habari zenu wakuu. Naongoza watalii hapa Arusha, shahada ya utalii ninayo, umri miaka 34. Nataka kuhamia ualimu wa Kiingereza huko Asia: Thailand, Vietnam, China, Japani au Korea Kusini, popote penye kazi halali. Kuna wakala anataka milioni 3.5. Anasema nitaondoka na viza ya utalii, kibali cha kazi kitakamilishwa hukohuko, na cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kwa wageni) si lazima kwa kuwa Kiingereza changu kimenyooka. Nchi zipi hasa zinampokea Mtanzania? Cheti kipi kinahesabika? Na nianzie wapi kabla sijatoa hata senti?

Mtu_wa_Sakina

Mkuu, hiyo milioni 3.5 ikae benki kwanza. Kinachoamua hapa ni pasipoti unayobeba, Kiingereza kinafuata nyuma. Twende nchi kwa nchi.

Korea Kusini ifute. Viza ya mwalimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza hupewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Ukiongea kama mtangazaji wa BBC, bado hapana.

China ni karibu hivyohivyo. Kanuni yao ya jumla ni kwamba mwalimu wa lugha afundishe lugha mama yake, awe na shahada na uzoefu wa miaka miwili. Shahada ya utalii na pasipoti ya Tanzania haipenyi. Wanaokwambia "mbona fulani yuko kule anafundisha" waulize yuko kwa viza gani. Wengi ni wanafunzi wanaofundisha kwa kujificha. Sheria ya China inatoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15, kisha kurudishwa nyumbani. Kazi halali huanza na viza ya Z, na ndani ya siku 30 baada ya kuingia unaomba kibali cha ukaazi.

Japani wana kipimo kinachotuumiza sisi. Kwa viza ya kufundisha mashuleni wanataka uwe umesoma angalau miaka 12 kwa Kiingereza. Hesabu mwenyewe: la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza hadi cha sita ni miaka sita, chuo mitatu. Jumla tisa. Aliyeanza Ingilishi Midiamu tangu darasa la kwanza anafika 16 na anapita. Kwa hiyo swali la Japani linajibiwa na shule ya msingi uliyosoma.

Zinabaki Thailand na Vietnam, na hata huko kuna milango ya kupitia.

Mama_Shanty_Town

Naongezea ya Thailand. Unahitaji shahada yoyote, barua ya shule iliyokuajiri, na viza ya Non-Immigrant B kabla hujapanda ndege. Kibali cha kazi hufuata ukiwa kule. Kwa kuwa shahada yako si ya ualimu, shule inakuombea ruhusa ya muda ya Baraza la Walimu, ya miaka miwili. Shule nyingi humtaka asiye na Kiingereza kama lugha mama aonyeshe matokeo ya mtihani wa Kiingereza: TOEIC ya 600 au zaidi, au IELTS. Na mshahara wake mara nyingi huwa chini ya ule wa Mwingereza wa darasa la jirani, kazi ileile. Nakuambia mapema ili usije ukashtukia kwenye mkataba.

Ubalozi wa Thailand unaotuhudumia uko Nairobi, maombi yanaingia kwa mtandao. Usisahau kadi ya njano: Thailand inamtaka anayetoka Tanzania awe amechanjwa homa ya manjano, na chanjo ihesabu siku 10 kabla ya kusafiri. Kitu cha kijinga kabisa kukwama nacho KIA.

Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba. Shule husaka walimu wiki chache kabla, hivyo nafasi nyingi hutoka Machi na Aprili. Kwako ni bahati, ndio wakati masika yamekata safari za mbugani.

Pasua_Moshi

Vietnam kwa kifupi. Kituo cha lugha kikimwajiri asiye mzawa wa Kiingereza, lazima awe na shahada au stashahada, cheti cha kufundisha lugha, NA uthibitisho wa Kiingereza wa kiwango cha C1, yaani IELTS kama 7. Hati ya polisi isizidi miezi sita, cheti cha afya kisizidi miezi 12. Kibali cha kazi kinadumu hadi miaka miwili. Ubalozi wao uko Dar, hiyo ni nafuu.

Kosa la kawaida: mtu anachukua hati ya polisi mwezi wa kwanza, anakuja kupata kazi mwezi wa nane, hati imeshaoza. Hati ya polisi iwe ya mwisho kushughulikia.

Kijenge_Juu

Asanteni sana. Kumbe wakala alikuwa ananiuzia kesi. Sasa kwenye cheti: naona TEFL za mtandaoni za dola 20, na nasikia CELTA ni ghali. Tofauti iko wapi hasa?

Chaki_Nyeupe

Tofauti iko kwenye wanafunzi. TEFL haina mwenyewe mmoja, kila kampuni inachapisha cheti chake. Kiwango cha chini ambacho waajiri wanakitambua ni saa 120. Cha dola 20 kinaweza kutosha kwa karatasi za kibali, ila hakuna mtu aliyewahi kukaa nyuma ya darasa akakutazama ukifundisha, na mwajiri makini anajua hilo.

CELTA ni ya Cambridge. Ni angalau saa 120 pia, lakini ndani yake unafundisha wanafunzi halisi wa viwango viwili tofauti kwa saa sita huku mkufunzi akikukagua, unatazama walimu wazoefu saa sita nyingine, na unaandika kazi nne. Ukienda kwa siku nzima ni wiki nne hadi tano, na unaweza kuifanya yote kwa mtandao. Bei inazidi pauni 1,000. Trinity wana CertTESOL, uzito uleule. Kuingia kuna jaribio la maandishi na usaili, na wengi huangukia kwenye sarufi: wanajua kusema, hawajui kueleza kwa nini.

Mfano. Sisi tunasema "nimemwona jana" bila shida yoyote, ndiyo maana Mswahili anaandika "I have seen him yesterday". Kiingereza kikishataja "jana" kinataka "I saw him". Mwalimu anatakiwa kuliona hilo papo hapo, kisha aulize swali fupi la kupima: wakati umetajwa? Umekwisha? Haanzi kuhutubia.

Na hapo ndipo mwongoza watalii hukwama. Umezoea kuongea dakika arobaini juu ya tembo na wageni wanasikiliza kimya. Kwenye somo la majaribio, ambalo huwa la dakika 15 hadi 20, ukiongea zaidi ya robo ya muda umeanguka. Sentensi tatu za mfano ubaoni, maswali mawili ya kupima, wanafunzi wawili wawili waongee, wewe unazunguka na kusikiliza, mwisho unasahihisha makosa mawili tu. Unachokuja nacho cha thamani ni kuongea taratibu na wazi kwa mtu ambaye Kiingereza si chake. Hicho walimu wapya wengi hawana.

Matamshi nayo yafanyie kazi. Kiswahili kina irabu tano, hivyo "ship" na "sheep" kwetu ni meli moja tu. Mwanafunzi wa Thailand na wa Vietnam yeye anameza konsonanti za mwisho. Mkikutana bila maandalizi hakuna atakayemsaidia mwenzake.

Kabla ya kulipa pauni yoyote, jaribu. Mwezi wa nne wapagazi wa mlimani na waongoza watalii chipukizi hawana safari. Kusanya sita au wanane, uwafundishe jioni mara mbili kwa wiki, wiki sita. Ukiona unachoka na maswali yao, umeokoa fedha.

Msajili_Mstaafu

Nyaraka hazijaguswa vya kutosha, na ndizo zinazowarudisha watu njia panda.

Kwanza majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, cheti cha chuo, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Herufi kwa herufi. Kama NECTA wanasema "Elibariki John" na pasipoti inasema "Elibariki J. Mollel", utaulizwa ni watu wangapi. Tofauti ndogo huenda kwa kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa limebadilika kabisa utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Lishughulikie hili kabla ya kuomba pasipoti mpya, maana ni shilingi 150,000 na hutaki kuilipa mara mbili.

Pili uthibitisho. Cheti cha chuo hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kugongwa mhuri, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Ukiruka wizara, ubalozi unakurudisha. Usilaminishe vyeti, mhuri hauwezi kugongwa juu ya plastiki. Cha chuo ambacho kimeshalaminishwa kinaweza kukulazimisha kuomba kingine.

Tatu, IELTS hudumu miaka miwili. Fanya baada ya kumaliza majina, kwa sababu jina la kwenye matokeo hufuata pasipoti.

Na wakala yeyote wa ajira za nje lazima awe na leseni. Ulizia TaESA (wakala wa serikali wa huduma za ajira) au ofisi ya kazi ya mkoa kabla hujaketi naye. Mwombe mkataba wenye jina la shule, anwani, mshahara na aina ya viza. Akisema mkataba utauona ukifika, chai yake mnywee kisha uage.

Mtu_wa_Sakina

Mkuu, jambo moja la pembeni. Wewe kwa Kiswahili ni mwenye mali, na huko pasipoti yako ndiyo sifa. Kuna programu ya Fulbright FLTA inayopeleka wasaidizi wa kufundisha lugha zao kwenye vyuo vya Marekani, Kiswahili kikiwemo. Ni miezi tisa kwa viza ya J-1, unafundisha si zaidi ya saa 20 kwa wiki na kusoma masomo mawili kila muhula. Wanapendelea walimu, hivyo uzoefu wa darasani uutafute kwanza. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) nao wanatoa mafunzo mafupi ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, na hapa kwetu kituo cha mafunzo cha MS-TCDC, Usa River, kimekuwa kikifundisha wageni Kiswahili muda mrefu, kwa hiyo soko lipo mlangoni.

Kwa kufundisha mtandaoni, majukwaa ya Preply na italki hayaulizi uraia. Ila jua makato: Preply wanachukua somo lote la kwanza la kila mwanafunzi mpya, kisha asilimia 33 inayoshuka hadi 18 kadiri saa zinavyoongezeka. italki ni asilimia 15. PayPal ya Tanzania haipokei fedha, fungua akaunti ya Payoneer. Saa moja ya video inaweza kula GB nzima, na ukitegemea bando la simu pekee na Tanesco pekee, mwanafunzi ataondoka siku ya pili.

Kijenge_Juu

Nimeanza na meza ya majina. NECTA na NIDA zinatofautiana herufi moja. Kesho naenda kwa wakili.