Mafuta ya moteri kwa mazuti (dizeli) ya zamani, baridi ya Juni Lubumbashi: 15W-40, 20W-50, 10W-40 au SAE 40?

Katuba_HZJ
Jambo bandugu. Vidanji (kumwaga na kubadilisha mafuta ya moteri) ni wiki ijayo na bado sijachagua. Gari ni Land Cruiser HZJ75 ya 1994, moteri 1HZ bila turbo, kilomita 410,000, volti 12. Inakunywa karibu nusu lita ya mafuta kila kilomita 1,000. Inalala nje. Alfajiri za Juni na Julai kipimajoto cha ukutani kinasoma 6 au 7, demareri (stata) inazunguka kwa uzito, moshi mweupe dakika mbili hivi, na taa ya presio inachelewa kuzimika. Siku hiyohiyo saa nane mchana ni 25 na gari iko njia ya Likasi na mzigo nyuma. Sasa imo 20W-50.

Dukani naona SAE 40 ya kupimiwa kwenye fuu (pipa), 15W-40 ya madini, 20W-50, 10W-40 nusu-sintetiki, na 5W-40 sintetiki ambayo ni ghali kupita zote. Ipi, na kwa sababu gani?

Moteri_Taratibu
Kwanza tuondoe kosa moja. 15W haina maana ya digrii 15. Ni daraja la baridi la SAE, chama cha wahandisi wa magari, na kila daraja linapimwa kwenye baridi yake: 20W inapimwa kama inaruhusu moteri kuzunguka kwenye digrii 15 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini ya sifuri, 10W kwenye 25, 5W kwenye 30. Hapa Lubumbashi hatufiki hata sifuri. Kwa hiyo zote ulizotaja za "W" zitasukumwa na pompe bila shida. Swali letu si kama mafuta yatafika kwenye kusineti (beringi za moteri), ni yatafika kwa haraka gani, na demareri itabeba uzito gani.

Hapo kuna tofauti ya kweli. Ukichukua karatasi za kawaida za mafuta haya na kupiga hesabu ya unene kwenye digrii 10, kwa sentistoki unapata takriban hivi:

5W-40: 380
10W-40: 470
15W-40: 600
SAE 40: 1,050
20W-50: 1,100

Kwenye digrii 100 zile za "40" zote ziko 14 hadi 15, na 20W-50 iko 18. Angalia SAE 40: moteri ikiwa moto ni sawa na 15W-40, lakini alfajiri ni nzito karibu kama 20W-50. Unabeba ubaya wa pande zote mbili bila faida ya hata upande mmoja.

Kutoka 20W-50 kwenda 15W-40, mzigo wa baridi unapungua karibu nusu. Kutoka 15W-40 kwenda 5W-40 unapungua tena kwa theluthi, lakini bei inaruka. Kwa gari inayokunywa nusu lita kila kilomita 1,000, hiyo sintetiki utaichoma tu.

Fundi_Kampemba
Yaya Taratibu, hesabu ni nzuri, lakini moteri hii ina kilomita 410,000. Usimtoe mtu kwenye 50 kwa sababu ya asubuhi mbili za baridi. Nafasi ya kusineti imepanuka, segmenti (ringi za pistoni) zimechoka. Saa nane mchana, mzigo, mlima, mafuta yako kwenye digrii 110, hapo ndipo moteri inakufa. Alfajiri hailii mtu.

SAE 40 nayo isitukanwe sana. Haina ile polima ya kuongeza unene, kwa hiyo haikatikikatiki. Malori mengi yametembea nayo miaka na miaka.

Moteri_Taratibu
Polima kukatika ni kweli, ila kwa vidanji ya kilomita 5,000 kwenye 1HZ haifiki mahali pa kutisha. Na malori yaliyotembea na SAE 40 hayakuwashwa mara sita kwa siku kwenda sokoni.

Kuhusu 50 tusibishane kwa macho, tupime. Toa kile kipokezi cha presio kilicho kwenye bloku, funga manometa ya mkono, tembeza gari nusu saa mpaka mafuta yawe moto kweli (sindano ya maji si kipimo, maji yanapata moto mapema kuliko mafuta). Ralanti (moteri ikinguruma bila kukanyaga gesi), 1HZ isiwe chini ya bari 0.3. Kwenye mizunguko 3,000 iwe 2.5 au zaidi. Ikipita kote kuwili na 15W-40 ndani, 50 haikuongezei kitu. Ikishindwa na 15W-40, sawa, rudisha 20W-50, lakini anza pia kuweka pesa ya kusineti na pompe.

Fundi_Kampemba
Hapo nakubali. Manometa haidanganyi. Ila apime kweli, asiangalie ile sindano ya tablo, ile ni pambo.

Mama_Filtri
Mmeongea unene tu. Kwa mazuti ya zamani herufi za API, daraja la ubora lililoandikwa kwenye bidoni, zina uzito kuliko namba. 1HZ ina chumba cha kuwashia cha pembeni, inatengeneza masizi mengi na yote yanaishia kwenye mafuta. Vitabu vya magari ya wakati ule vinataja CD, CF au CF-4. Leo ukipata CH-4 au CI-4 umepanda ngazi: CH-4 ni ya 1998, CI-4 ya 2002, na zimetengenezwa kubeba masizi yasigandane. Mafuta yenye herufi za "S" peke yake, SL au SN bila "C" yoyote, ni ya esansi (petroli). Usiweke, hata kama namba ni 15W-40. Ukiona CI-4/SL pamoja, hiyo ni sawa.

CJ-4 na CK-4 je? Ni mafuta mazuri, lakini yamepunguzwa majivu ili yasizibe filtri ya moshi ya magari mapya. Gari yako haina filtri hiyo. Na mafuta yaliyopunguzwa majivu mara nyingi huja na akiba ndogo ya alkali, hiyo TBN mnayoiona kwenye karatasi. Alkali ndiyo inayoua asidi inayotokana na salfa ya mazuti. Ukinunua mazuti ya bidoni kwa Kadhafi (muuzaji wa mazuti) wa barabarani, hakuna anayekupa karatasi ya salfa. CI-4 yenye TBN 10 au zaidi, na vidanji kila kilomita 5,000. Mazuti ikiwa ya mashaka kila siku, fanya 4,000.

Ile fuu ya SAE 40, papa, muulize muuzaji akuonyeshe kibandiko. Mara nyingi ni CD au CF, na mara nyingine hakuna kibandiko kabisa. Mafuta yaliyotumika yakichujwa na kuachwa yatulie yanang'aa kama mapya. Bidoni lenye pete ya mfuniko iliyokwisha kukatika, hata bei ikiwa tamu, acha.

Maple_Katanga
Nasoma nikiwa Calgary. Kwa faida ya wanaofikiri 5W-40 ni lazima kwa sababu kitabu cha Bulaya kinasema hivyo: huku Januari inafika 25 chini ya sifuri, gari inachomekwa kwenye umeme usiku kucha kupasha maji ya bloku, na mazuti yenyewe ni ya majira ya baridi kwa sababu ile ya kawaida inatoa nta na kuziba filtri. Hapo 5W na 0W ni uhai. Kwenye digrii 6 mazuti haigandi, na 15W iko mbali sana na mwisho wake.

Katuba_HZJ
Aksanti wote. Mama, nimeelewa herufi. Ila nauliza, nikibadilisha kwenda 15W-40 CI-4, moshi mweupe utaisha?

Moteri_Taratibu
Hapana, au kidogo tu. Moshi mweupe wa asubuhi ni mazuti isiyowaka. Wa bluu ndio mafuta ya moteri. Mafuta mepesi yanasaidia demareri kuzungusha haraka, na mzunguko wa haraka unapandisha joto la kukandamiza, basi. Ukitaka moshi uishe, tafuta kwenye buji za kuchemsha, zile zinazopasha chumba cha kuwashia kabla ya kuwasha.

Kwenye 1HZ buji sita zimeunganishwa na kibati kimoja. Kitoe, usipime zikiwa zimeungwa, kwa sababu moja nzima itaficha tano zilizokufa. Kisha pima kila moja kwa ommeta, kati ya ncha na bloku. Nzima inasoma kidogo sana, karibu na om 1. Iliyokufa haisomi kitu. Usiichome na waya wa bateri kuona kama inawaka nyekundu: kuna buji za volti 6 na za volti zaidi, na ile ya volti 6 itayeyuka ncha ikadondokea ndani. Soma maandishi kwenye shingo yake kabla ya kununua nyingine, na badilisha sita kwa pamoja.

Buji zikiwa nzima, pima volti kwenye kibati ufunguo ukiwa wazi. Hakuna volti, rele imekufa. Kisha pima bateri wakati demareri inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6, lawama si ya mafuta.

Fundi_Kampemba
Na nafasi za valvu. Gari ya kilomita hizo, kama hazijapimwa kamwe, zimebana. Moteri baridi: za kuingiza hewa 0.15 hadi 0.25 mm, za kutolea moshi 0.35 hadi 0.45. Valvu iliyobana haifungi vizuri, moshi mweupe unakuja, mtu ananunua mafuta ya bei.

Sasa vidanji yenyewe, kwa sababu watu wanaiharibu. Gari itembee dakika 15 kwanza, masizi yapande kwenye mafuta. Fungua kizibo, acha itiririke nusu saa nzima, si dakika tano. Rondeli (washa) mpya kwenye kizibo. Filtri mpya: pakaza mafuta kwenye mpira wake, funga kwa mkono mpaka mpira uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie mnyororo kufunga. Hakikisha mpira wa filtri ya zamani haukubaki umenata kwenye bloku. Mipira miwili ikikaa pamoja, mafuta yote yatakuwa barabarani kabla hujafika Kenya, na namaanisha mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile ya Nairobi.

Mimina lita 9 kwanza, ngoja dakika tano, soma joji (kijiti cha kupimia mafuta), ongeza kidogo kidogo. Itaingia kama 9 na nusu au zaidi kidogo. Usipite alama ya juu. Kisha chomoa waya wa ile stopu ya umeme (inayokata mazuti) kwenye pompe ya mazuti, zungusha demareri sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya presio izimike. Ndipo rudisha waya na uwashe. Filtri kavu na moteri inayowaka mara moja, hapo ndipo kusineti zinakwaruzwa, baridi au joto.

Mama_Filtri
Jambo moja zaidi. Kama kabla ya hiyo 20W-50 gari ilitumia SAE 40 za fuu miaka mingi, CI-4 itaosha ndani. Uchafu uliokuwa umelala utahamia kwenye filtri. Vidanji ya kwanza ifanye kilomita 2,000, filtri pia, halafu ndipo uende 5,000. Wengi wanaona mafuta meusi siku ya tatu wanasema "mafuta mabaya". Kwenye mazuti ya zamani meusi ni kazi inafanyika.

RuashiDizeli
Na 10W-40 nusu-sintetiki hakuna anayeitetea?

Moteri_Taratibu
Naitetea kwa gari nyingine. Hilux ya moteri 3L yenye segmenti nzima, ya mjini, safari fupi, inazimwa na kuwashwa kutwa: hapo sehemu kubwa ya maisha yake moteri iko baridi, na 10W-40 yenye CI-4 inalipa. Kwa HZJ hii ya mzigo inayokunywa, naona ni kuongeza kiu.

Katuba_HZJ
Basi 15W-40 CI-4, manometa, buji. Hizo kilomita 2,000 za kwanza, kuna njia ya kujua mafuta yamechoka kabla ya siku bila laboratuari?

Mama_Filtri
Karatasi ya kuchujia kahawa, nyeupe. Chovya joji moteri ikiwa moto, dondosha tone moja, ilaze juu ya glasi isiguse chini, ngoja mpaka kesho. Tone likitawanyika kijivu sawasawa mpaka ukingoni, mafuta bado yanabeba masizi. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali na nje ni mafuta matupu, yameshindwa kubeba, mwaga hata kama kilomita hazijafika. Kwa maji, dondosha tone kwenye kibati cha moto juu ya makaa: likipasukapasuka kama chumvi motoni, kuna maji, tafuta jwenti (gasketi) ya kichwa kabla ya kununua bidoni lingine.

Fundi_Kampemba
Na joji isomwe alfajiri kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali sawa. Kwa kunywa huko, kila kilomita 500. Nunua bidoni la lita moja la mafuta yaleyale, likae nyuma ya kiti.