Gauni la harusi la mabega wazi: lishonwe vipi lisiteremke?

bibi_harusi_mtarajiwa:
Wadau habari zenu. Nashonesha gauni la harusi hapa Dar. Juu korseti (sehemu inayobana kiwiliwili) ya mabega wazi yenye lesi ya shanga, chini sketi ya nusu duara ya satini, mkia mita moja na nusu. Kifua inchi 36, kiuno 30, nyonga 41. Fundi anasema ataweka mpira wa silikoni kifuani na utatosha. Ni kweli? Satini ninunue mita ngapi?

sindano_na_uzi:
Hongera dada. Silikoni peke yake haitoshi. Inazuia kuteleza kidogo, ila haibebi uzito, na kwa joto la Dar jasho likiingia haishiki tena. Gauni hili libebwe na kiuno.

Mwambie fundi ashone korseti ya ndani ya drili (kitambaa kigumu) ya pamba isiyovutika, iungane na gauni kwenye ukingo wa juu tu. Kila mshono uwe na boni (kijiti cha kuusimamisha), jumla 10 hadi 12. Ncha zikatwe mviringo na ziishie sentimita 1 kabla ya mshono wa juu na wa chini, la sivyo zitatoboa kitambaa na kukuchoma kwapani. Kisha utepe mgumu wa upana wa inchi 1, urefu wa kiuno chako toa inchi 1 (kwako 29), ushikizwe kwenye mishono ya kiunoni na kufungwa kwa kulabu mbili kabla ya zipu. Utepe huo ndio unaobeba sketi. Ukikosekana, uzito wote unavuta kifua chini na utashinda ukumbini unapandisha gauni.

Vipimo vichukuliwe ukiwa umevaa sidiria ya siku hiyo.

Mama Vitambaa:
Satini ya upana wa inchi 60, mita 8 hadi 9. Mkia ndio unaokula kitambaa: vipande viwili vya nyuma, kila kimoja karibu mita 2.9. Tundu la kiuno la sketi ya nusu duara hupimwa kutoka kwenye pembe ya kitambaa: kiuno gawa kwa 3.14, yaani 30 inatoa inchi 9 na nusu.

Nunua satini, bitana na neti siku moja, uzilinganishe nje juani. Taa ya dukani inaficha tofauti ya nyeupe na rangi ya maziwa, na picha zitaionyesha.

Sketi ikishaunganishwa itundikwe siku nzima, ikiwezekana mbili, kabla ya kukata pindo. Sehemu zilizokatwa mshazari hurefuka kwa uzito wake, ukipinda mapema pindo linakuja mawimbi.

sindano_na_uzi:
Naongezea kuhusu lesi: shanga zitolewe sentimita 1 kila upande wa zipu, vinginevyo zipu itakwama au meno yataachana. Pini zichomwe ndani ya akiba ya mshono tu (kitambaa kinachobaki nje ya mshono), satini haisahau tundu. Pasi ya moto isiguse neti, inayeyuka.

bibi_harusi_mtarajiwa:
Asanteni sana! Nikipungua kabla ya harusi je? Na mkia ukumbini?

Mama Vitambaa:
Majaribio matatu, mwanangu. La kwanza kwa gauni la mfano la marikani, kabla satini haijaguswa na mkasi. La pili satini ikiwa imepigwa bandi tu, yaani mshono wa muda. La tatu wiki mbili kabla, na viatu vyenyewe, kwa ajili ya pindo. Kila mara nyanyua mikono yote, keti, inama. Ukingo wa juu ukisogea, rudisha kwa fundi. Mishono ya ubavuni iachiwe akiba ya inchi 1. Kama unategemea kubadilika sana, chagua kamba mgongoni badala ya zipu, zinakupa nafasi ya inchi 2 au 3.

Ukumbini mkia unainuliwa na kufungwa, kwa hiyo uwekewe vifungo vitatu chini ya kiuno na vitanzi vyake. Kimoja hakitoshi kwa satini nzito. Nyuma ya kila kifungo na kitanzi shoneni kipande cha drili, maana vikiwa juu ya satini tupu vitachana kitambaa mtu akikanyaga mkia. Msimamizi wako ajifunze kuvifunga siku ya jaribio la tatu.